Pampu Yenye Kiu

Juzi nilipita Ilembo nikamwona binti mmoja akimimina maji ndani ya pampu ya kukanyaga, nikacheka peke yangu barabarani.

Nilikumbuka mchana mmoja wa utotoni, nyumbani kwetu Kakese, upepo ulinuka vumbi na majani ya nyanya. Miche ya mama ilikuwa imelala chini, na alisema isipopata maji kabla ya jua kuzama, basi tena. Kaka Masanja alikanyaga pampu yetu mpya mpaka jasho likamtiririka. Kisima kilikuwa na maji, lakini pampu ilitoa pumzi tu: fyuu, fyuu.

"Nyie, ina kiu hiyo," mama akasema. "Inywesheni kwanza."

Akachukua ndoo ya mwisho, ile ya kupikia ugali, akaimimina yote ndani. Nikaangua kilio.

"Mama, imemaliza yote! Na ikitaka tena?"

"Lia vizuri," Masanja akanitania, "tukinge na machozi, tuinyweshe."

Akakanyaga tena. Sauti ikawa nzito, kisha maji yakaruka, yakamlowesha mama, na harufu ya udongo mbichi ikajaa shambani.

Siku hizi najua kwamba mpira mkavu ndani ya pampu hupitisha hewa, na maji yale ya kwanza huziba upenyo ili pampu iweze kuvuta. Siku ile nilijua tu kwamba imeshiba. Nikaikumbatia, nikaipigapiga mgongoni kama mtoto aliyemaliza kunyonya, ili icheue.