Kitwana na Soli ya Tairi

Yeyote aliyekutana na Kitwana kwa mara ya kwanza aligundua tabia yake moja kabla hajalijua jina lake: alimtazama mtu miguu kwanza, uso baadaye. Ukimsalimia aliitikia vizuri tu, lakini macho yake yalikuwa chini, yakipima unene wa soli, urefu wa kisigino na namna kamba zilivyofungwa. Wageni walidhani ni haya. Haikuwa haya. Ilikuwa hasira, na hasira hiyo ilikuwa na tarehe yake.

Mwaka uliotangulia, kwenye mchujo wa ngumi wa mkoa wa Singida, Kitwana alikuwa akiongoza kwa pointi hadi raundi ya tatu. Mpinzani wake, Joshua wa Kiomboi, alirusha konde la kushoto ambalo halikugusa hata ndevu. Kitwana akageuka kulikwepa. Mwili uligeuka, goti likageuka, lakini raba yake ya kukimbilia, yenye kisigino kinene kama nusu mkate, ilibaki pale pale ilipokuwa. Kifundo cha mguu kikapinda, akaenda chini, na mwamuzi akamhesabia mpaka kumi. Kuanzia jioni ile mji mzima ulijua kwamba Joshua amemwangusha Kitwana kwa konde moja. Makuli wenzake wa kwenye lori hawakumwacha apumue.

"Kitwana, funga dirisha, upepo utakuangusha!"

Alieleza habari ya kiatu mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya kumi. Watu walicheka zaidi. Mwishowe akaacha kueleza, akabaki na hasira yake kifuani kama mtu aliyemeza kaa la moto.

Alikuwa na hasira nyingine pia, ya zamani zaidi. Klabu yao iliwahi kuwa na mdhamini. Shirika la umma lililonunua mazao ya wakulima ndilo lililonunua glavu, kamba za kuruka na viatu vya ndondi, na Kitwana mwenyewe alikuwa mpima mizani wa shirika hilo. Kisha ukaja wakati wa soko huria. Shirika likafungwa, wafanyakazi wakapewa barua, mabondia wakaambiwa wajitegemee. Kwa hiyo Kitwana alipoteza kazi na viatu kwa barua moja. Akawa kuli kwenye lori la mfanyabiashara, akipakia mtama na alizeti kutoka vijijini. Klabu ilibaki na ghala tupu, turubai kuukuu lililotandikwa juu ya magodoro yaliyochakaa, na kocha Simeoni, askari mstaafu ambaye sauti yake haikuwahi kustaafu.

"Bondia anahitaji jozi mbili," Simeoni aliwaambia. "Jozi ya kukimbilia na kuruka kamba iwe na soli ya kubeba mtikisiko. Jozi ya ulingoni iwe nyembamba, ukikanyaga punje ya mtama uijue. Ipande juu ya kifundo, ikubane bila kukunyonga. Isiwe na kisigino. Halafu simama kwa vidole, geuza mguu kama unazima kipande cha sigara. Kiatu kikigeuka nawe, ni chako. Kisipogeuka, kiache hapo hapo, hata kiwe cha dhahabu."

Mwaka huo, 1993, Simeoni alimwita pembeni akamweleza bila kuzunguka. Kitwana alikuwa na miaka thelathini na miwili. Mchujo uliokuwa ukija, dhidi ya Joshua yule yule, ndio wa mwisho kwake. Mwakani klabu ingepeleka jina la mtu mwingine, na habari ya mjini ingebaki ile ile milele: Kitwana aliangushwa na Joshua.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu lori lao liliposimama Shelui, na Kitwana akashuka kunyoosha miguu. Kando ya barabara, mwanamke mmoja aliyeitwa Klara alikuwa ametoka kufungua robota la mitumba. Juu ya rundo la viatu palikuwa na jozi nyekundu, ndefu, ya kamba nyingi. Kitwana akaivuta kabla hajasalimia.

"Kaka, hizo ni buti za mama wa Kizungu," Klara alisema. "Mpelekee shemeji."

"Shemeji yako hapigani."

"We humjui! Wanawake wote tunapigana, ila hatujajengewa ulingo."

Kitwana alikunja kiatu kwa mikono miwili, kikakunjika kama daftari. Akapitisha kidole ndani, hapakuwa na kisigino. Akavua kandambili, akavaa, akafunga kamba mpaka juu, akasimama kwa vidole pale pale kwenye lami, akazima sigara isiyokuwepo. Mguu ukazunguka kama umepakwa mafuta.

"Ukikichana umenunua," Klara alimwonya. "Tena kwa sababu soli imekwisha, nakupunguzia."

Kitwana hakubishana, wala hakumwambia kwamba soli haikuwa imekwisha. Alilipa, akapanda juu ya magunia, akavipakata viatu hadi mjini. Nyumbani, mkewe Hanifa alipomuuliza ni nini hivyo vyekundu, alijibu maneno matatu tu, "Viatu vya mazoezi," akavitundika ukutani, akaenda kuoga.

Alivivaa siku sita, na kwa siku sita alikuwa mtu mwingine ulingoni. Ndipo lori likatumwa Kintinku kuchukua mtama, safari ya siku nne.

Sasa, katika mji ule kiatu cha mtumba hakikutembea kabla hakijapita kwa fundi. Ulinunua, ukapeleka, kikashonwa pembeni kwa uzi mnene, na kama soli ilikuwa imelika kikapigwa soli ya tairi. Kila mtu mwenye akili alifanya hivyo, na Hanifa alikuwa mtu mwenye akili. Aliuza mafuta ya alizeti sokoni, na meza yake ilitazamana na sanduku la Mzee Urbano, fundi viatu aliyeheshimika kuliko wote. Alipovishusha viatu vya mumewe kuvifuta vumbi, akaona soli ambayo karibu mwanga upite, roho ilimuuma. Mwanamume anabeba magunia mwaka mzima, halafu anakimbia na kiatu kama hiki?

Kitwana aliporudi, viatu vilikuwa juu ya kigoda, vinang'aa. Chini yake vilikuwa vimekanyaga mpira mweusi, mnene vidole viwili, wenye meno ya tairi la lori.

"Mama Rahma, hivi ni nini?"

"Viatu vyako. Na wewe karibu nyumbani."

"Nimeuliza, hivi ni nini!"

Binti yao Rahma alitoka nje mwenyewe bila kuambiwa. Hanifa aliweka mwiko chini.

"Baba Rahma, usinipigie kelele kama nimeiba. Nimevipeleka kwa Mzee Urbano. Soli ilikuwa imekwisha."

"Nani kakwambia imekwisha? Ndivyo vilivyo! Nimetafuta kiatu hiki mwaka mzima, Hanifa! Mwaka mzima!"

"Na mimi ningejuaje? Simeoni unamweleza kila kitu, mpaka wenzako wa kwenye lori unawaeleza. Mimi mkeo unaniambia 'viatu vya mazoezi', unakwenda kuoga! Nikamwambia fundi hivyo hivyo. Mazoezi ni kukimbia. Kuna mtu asiyejua?"

Maneno hayo yakamzidishia Kitwana hasira. Akavichukua viatu, akatoka bila kunywa hata maji.

Njia nzima alipanga maneno. Alikusudia kumwambia Mzee Urbano kwamba ni mharibifu, kwamba mikono yake ifungwe, kwamba sanduku lake lichomwe moto. Lakini mzee ni mzee, na hasira ya Kitwana ilibidi isubiri zamu yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Kitwana. Wazima nyumbani?"

"Wazima."

"Mtoto?"

"Mzima."

"Kintinku mvua?"

"Hamna mvua. Mzee, umeniharibia viatu."

Mzee Urbano aliinua kichwa polepole. "Nimekuharibia? Nimekufufulia! Vilikuja hapa na soli kama ganda la kitunguu."

"Ndivyo vilivyotengenezwa!"

"Kiwanda gani kinatengeneza kiatu kilichokwisha?"

Wauza nyanya wakaanza kusogea. Kitwana aliwaona, na sikio likamwaka moto, maana alijua tayari nani angesimulia nini jioni.

"Hilo ni tairi la lori," mzee aliendelea, akigonga soli kwa nyundo. "Utalivaa wewe, atalivaa mjukuu wako, na bado litabaki."

"Sitaki libaki! Nataka ligeuke!"

"Soli haigeuki, Kitwana. Mtu ndiye anayegeuka."

"Soli zangu za mwanzo ziko wapi?"

Mzee alionyesha kwa kidevu safu ya sandali za watoto zilizopangwa juu ya gunia. "Nimekatia viraka."

Kitwana alinyakua viatu vyake. Mzee angekuwa mtu wa rika lake, wangekamatana pale pale kati ya nyanya. "Mzee, leo saa kumi njoo ghalani. Uje uone kazi ya mikono yako."

"Nitakuja. Na nikikuta kiatu changu hakina kosa, utaniomba radhi mbele ya hao wenzako."

Saa kumi Mzee Urbano alikuwa ameketi juu ya sanduku lake ndani ya ghala, mikono kifuani. Kitwana alivaa viatu vile vile vya tairi kwa makusudi, ingawa Simeoni alimkataza, akapanda ulingoni kujipima na bondia mwenzake Bonifasi, kinyozi mwenye mikono mirefu. Meno ya tairi yaliuma turubai. Kila Kitwana alipotaka kuzunguka, turubai lilijikunja chini ya mguu wake, naye akabaki amesimama kama nguzo. Bonifasi akampiga sikioni. Akampiga tena, safari hii mdomoni. Mara ya tatu Kitwana alilazimisha kugeuka, na goti likatoa mlio uliosikika mpaka mlangoni.

"Toka!" Simeoni alinguruma. "Toka, umechoka na hilo goti?"

Lakini aliyefika kwanza kwenye kamba alikuwa Mzee Urbano, naye alikuwa amekasirika kuliko wote.

"Mbona hamkusema? Huyu hatembei! Huyu anazunguka kama pia! Mama Rahma kaniambia viatu vya mazoezi, nikatengeneza kiatu cha barabara. Nimeshona viatu miaka thelathini, leo mnanifanya niumize mtu kwa sababu ya uvivu wa kusema neno moja zaidi! Ungesema 'vya ulingoni', ungekufa?"

Kitwana, akihema, damu ya mdomo ikimtoka, alijua neno hilo lilikuwa lake. Yeye ndiye aliyelifupisha, kwa uchovu na kwa kudhani kwamba mkewe hangeelewa. Hakuomba radhi, wala mzee hakuomba. Hasira ilikuwa bado imejaa pande zote mbili, ila sasa kila mmoja alikuwa amejikasirikia kidogo na yeye mwenyewe.

Mzee Urbano alipiga magoti, akafungua kamba za viatu yeye mwenyewe, akamwambia Kitwana asimame kwa vidole peku peku na kuzunguka. Akachora kwa chaki kwenye turubai mahali nyama ya mguu ilipobeba mwili. Akamzungusha mara nne, mara tano, akimkaripia kila mara: "Polepole! Unakimbilia wapi?" Kisha akaweka viatu kwenye sanduku, akaondoka bila kuaga.

Goti halikuwa limeteguka, na siku kumi zilizofuata Kitwana alikimbia barabarani alfajiri na kuruka kamba kwa raba zake za zamani, zile zile alizozichukia, kwa sababu kwa kazi hiyo zilifaa. Ulingoni alicheza peku. Kila alipopita sokoni alitamani kuuliza, na kila mara mzee alimfukuza kwa mkono, kama mtu anayefukuza kuku.

Ijumaa, siku moja kabla ya mchujo, mzee alileta viatu. Tairi halikuwepo. Badala yake palikuwa na ngozi ya ng'ombe iliyopondwa mpaka ikawa nyembamba, upande wa nyama ukiwa chini ili ukwaruze turubai kidogo bila kuling'ang'ania. Kitwana alivaa, akasimama kwa vidole, akageuka. Mguu ulishika, ukaachia, ukashika.

"Uzi utavumilia?" aliuliza.

"Raundi tatu utavumilia. Ya nne, mwombe Mungu."

"Zipo tatu tu."

"Basi. Na visikanyage changarawe. Utavivaa ukiwa umeshapanda ulingoni."

Hanifa ndiye aliyevibeba Jumamosi, ndani ya kikapu cha ukindu, akatembea hatua mbili mbele ya mumewe. "Safari hii sivipeleki popote," alisema bila kugeuka, na Kitwana karibu acheke, lakini akakumbuka kwamba bado amekasirika.

Saa nane ghala lilikuwa limejaa mpaka madirishani. Makuli walikuja wote, na wimbo wao wa upepo wakauleta. Saa tisa, gari la Kiomboi lilikuwa bado. Mmoja akasema limepasua gurudumu, mwingine akasema Joshua ameogopa, mwingine akasema ameonekana stendi anakula nyama. Kitwana alisimama kwenye kona yake, mikono imeshafungwa bendeji, viatu vyekundu vimebana vifundo, anazungusha mguu wa kulia, wa kushoto, wa kulia, kwenye turubai lile lile.

"Keti, unachoma nguvu," Simeoni alisema.

"Wakifika, asipewe hata muda wa kunywa maji."

"Kanuni inampa saa moja ya kupumzika."

"Basi ihesabiwe akiwa ndani ya gari!"

Simeoni alitaka kujibu, lakini nje watu walianza kupiga kelele kwamba gari limefika na kukimbilia barabarani, na Mzee Urbano akapanda juu ya sanduku lake ili aone vizuri. Kitwana alichuchumaa, akakaza kamba ya kiatu cha kushoto kwa meno, kwa kuwa vidole vilikuwa vimefungwa, akasimama, akageukia mlango.