Helmeti ya Kyule

Ukimtajia Kyule habari za helmeti, umejitafutia mahubiri. Ile kitu inachemsha kichwa kama sufuria, na lori likiamua kukugonga, litaogopa kofia? Tena yeye, mchonga vinyago, ameendesha baiskeli kutoka Huruma hadi karakana yao Pumwani miaka ishirini na sita, na kichwa bado kiko mahali pake. Wenzake walibishana naye mpaka wakachoka. Mpingo una afadhali, walisema, kwa sababu unakubali patasi.

Nthoki, mkewe, hakubishana. Alinunua helmeti nyekundu akaitundika msumarini. Ikakaa pale mwezi mzima.

Asubuhi moja Kyule alikuwa akifunga mzigo kwenye baiskeli: ndovu sita wa mbao, oda ya hoteli. Kila mmoja alimviringishia gazeti, kisha kitambaa, akikikunja masikioni polepole kama anayemvisha mtoto mchanga. Ndovu wa sita akakosa kitambaa. Kyule akatazama huku na huku, akaichukua helmeti, akamlaza ndani, akafunga mkanda.

“Huyu hata nikianguka havunjiki,” akajisifu.

Nthoki alikuwa mlangoni, ameshika kikombe cha chai.

“Baba Kavinya,” akasema, “ndovu akivunjika utachonga mwingine. Wewe ukivunjika, nani atanichongea mwingine?”

Kyule akamtoa ndovu kwenye helmeti. Akavua sweta yake akamviringishia. Kisha akaivaa helmeti, akamwinamia mkewe amfungie ule mkanda kidevuni.