Jinsi Wabweka Walivyopokelewa Kagerankanda

Mvua ikinyesha na mbwa akakimbilia ndani, wengi huziba pua. Mimi huvuta hewa. Harufu ile ya manyoya yaliyolowa, nzito, yenye tope na moshi kidogo, hunirudisha moja kwa moja Kagerankanda, nyuma ya jiko la kina Bukuru, nikiwa na umri wa miaka kumi na mkia wa nyuzi za mgomba umefungwa kiunoni. Mume wangu hudhani nina mafua. Mwacheni adhani hivyo, ninyi nawaambia ukweli.

Tulihamia Kagerankanda, wilaya ya Kasulu, kutoka Kitahana kule Kibondo, baba alipopata shamba. Asili ya wazazi wangu ni ng'ambo, Burundi, ingawa mimi nilizaliwa huku huku Kibondo na Burundi sikuwa nimeiona hata kwa mbali. Tulikuja na lori la maharage, sisi na kuku na masufuria. Mbwa wetu, jina lake Jirani, hakualikwa. Baba alikuwa amemwacha kwa rafiki yake, lakini tulipoanza kushusha mizigo tukamkuta amejikunja kati ya magunia, anatutazama kama mtu aliyelipa nauli.

Jina hilo alilipenda baba tu. Asubuhi yetu ya kwanza pale mama alipaza sauti, "Jirani! Toka jikoni, mwizi wewe!" Mara akatokea mwanamke mnene juu ya ua wa matete, mikono imejaa unga wa muhogo. "Mwidiwe," akasalimia, akipiga makofi taratibu kama Waha wanavyosalimia. "Jikoni nimeshatoka. Ila nimeiba nini, mama?" Mama alitamani ardhi ipasuke. Alipomweleza, yule mwanamke alicheka mpaka akaushika ua, na ua wenyewe ukalala. Huyo ndiye Mama Bukuru, na tangu siku ile ua haukusimamishwa tena.

Mama Bukuru alikuwa na mapacha wanaonizidi kama miaka mitatu: Bukuru, msichana, aliyetangulia kuzaliwa, na Butoyi, mvulana, aliyemfuata. Wao walikuwa na mchezo ambao watoto wote wa kule waliuonea wivu. Mjomba wao, aliyekuwa akifanya vibarua kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, aliwaona vijana wa kigeni wa mashirika ya misaada wameizunguka meza jioni: mmoja anasimulia safari ya hatari, wengine kila mmoja amejifanya kiumbe fulani, na dadu ndiyo inayoamua nani anapona na nani anakufa. Mjomba alielewa nusu, akawasimulia mapacha nusu ya hiyo nusu, nao wakajaza pengo kwa vitu walivyovijua.

Kwa hiyo msimulizi wa mchezo aliitwa Serikali. Serikali alikuwa Bukuru, na haikuwahi kufanyika kura. Serikali ikisema mto umefurika, umefurika. Ikisema umekufa, unakwenda kukaa kwenye kinu kilichopinduliwa na kunyamaza. Dadu zilichongwa kwa muhogo mkavu na kutiwa matundu kwa msumari wa moto. Muhogo ukizidi kukauka dadu ilijikunja, ikawa inaangukia upande mmoja tu, na Butoyi alijua sana ni upande gani. Siku moja kuku aliimeza dadu ikiwa bado inabingirika. Serikali ilifikiri kidogo, ikatangaza kwamba kuku amepata sita.

Kila mchezaji alikuwa na kabila lake. Butoyi alikuwa Jitu la Mlima, mwenye nguvu na asiyejua kuhesabu. Watoto wa nyumba ya juu walikuwa Watu wa Maji, waliotoka mto Malagarasi na waliokufa wakikaa juani. Huruhusiwi kuingia kabila la mwenzako. Mgeni alitakiwa kuleta kabila jipya, likahojiwa na Serikali, na likikataliwa halirudi mpaka likizo nyingine.

Ndugu zangu, sijui kama mnakumbuka likizo ilivyokuwa ndefu utotoni. Sikuwa na rafiki hata mmoja pale. Shuleni waliniita "yule wa Kibondo", na waliochoka na heshima waliniita "yule wa ng'ambo". Niliwasikia mapacha wakicheka nyuma ya jiko kila jioni. Nilikitaka kile kikao nyuma ya jiko kuliko nguo ya Krismasi.

Nikawaza kabila mchana kutwa, nimekaa na Jirani chini ya kichanja cha vyombo. Mwisho nikamtazama yeye mwenyewe. Alikuwa amekaa wima, miguu ya mbele hewani, anamwomba kuku mfupa wa kuku. Nikacheka peke yangu. Kabila langu likawa Wabweka.

Mbweka husimama kwa miguu miwili na huvaa shati lenye tundu la mkia. Hakuulizi jina, anakunusa, na baada ya hapo anajua ulichokula juzi na kama una hasira. Anaweza kufuata nyayo za mtu aliyepita kabla ya mvua. Ila mkia wake hausemi uongo: akiogopa unaingia katikati ya miguu, akifurahi unapiga vyungu, hata kama mdomo unajifanya mkali. Na radi ikipiga, Mbweka hata awe shujaa namna gani lazima akose zamu moja, akiwa chini ya kitanda.

Nilikwenda na mkia wangu wa mgomba kuomba kuhojiwa. Butoyi aliinua kichwa tu.

"Aa, mbwa ni tusi bwana," alisema. "Nani anakubali kuitwa mbwa?"

"Siyo mbwa. Ni Mbweka."

"Ana mkia?"

"Anao."

"Basi mbwa."

Serikali ikamnyamazisha. "Kabila halikataliwi kabla halijahojiwa," ilisema. "Njoo Jumamosi. Uje umejiandaa."

Nilijiandaa haswa. Nilifanya mazoezi ya kunusa mpaka mama akanipa dawa ya minyoo. Halafu akanisikia ninazungumza na Jirani, nikisema, "Sisi Wabweka ni ndugu." Akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Hewe, Kezia! Mwana wanje, mwanangu wee, nimekubeba mgongoni miaka yote hiyo uje uwe mbwa huku Kasulu?"

Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda. Siku zile alikuwa mkimya, na jioni jioni alikuwa anakwenda kwa kina Bukuru, sisi tukidhani ni kwa ajili ya maongezi. Alitabasamu kidogo. "Mwache," alimwambia mama. "Kama wanawapokea mbwa, ni watu wazuri."

Jumamosi mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Jirani alikuja nami amelowa chapa chapa, akajikung'uta mbele ya Serikali, nikaona mambo yameharibika kabla hayajaanza. Bukuru alikuwa amekaa kwenye ndoo, amevaa koti la baba yake, ameweka mguu juu ya mguu. Watu wa Maji walikuwa mkekani. Butoyi alisimama nyuma yangu, akiulinda mpaka. Nilipiga magoti, nikaunganisha viganja kama makucha, nikapiga makofi taratibu.

"Mwidiwe," nilisema, kwa sauti nzito ya Kibweka.

Watu wa Maji walicheka. Serikali haikucheka.

"Mnatoka wapi?"

"Tunatoka kwenye vichaka vya mbali, kulikoungua."

"Mmekuja kufanya nini?"

"Kulima. Na kulinda mahindi yasiliwe na nyani."

"Mnakula nini?"

"Kilichobaki."

Hapo hata Serikali ilikohoa kuficha kicheko. Nilijua nakwenda vizuri, maana hata mimi nilikuwa nautikisa mkia bila kukusudia. Kisha Bukuru akainama mbele, akanitazama machoni, akaniuliza polepole, kwa sauti ambayo haikuwa ya mchezo.

"Hapa kijijini, nani anawajua?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa meno, kwa radi, kwa harufu za kila namna, lakini hilo sikulifikiria. Nani alinijua? Nilitazama chini. Mkia wangu ulilala matopeni na machozi yakaanza kuja, na nilichukia kwamba yanakuja mbele ya Watu wa Maji. Niliona likizo nzima inanipita nikiwa upande wa pili wa ua uliolala.

Ndipo nikasikia pumzi nyuma ya sikio langu. Alikuwa Butoyi, yule yule wa mbwa ni tusi.

"Taja jina langu," alininong'oneza. "Wakiuliza hivyo, taja jina langu tu."

Nikafuta pua. "Anatujua Jitu la Mlima," nilisema.

"Ni kweli, Jitu?"

Butoyi alipanda juu ya kinu, akapanua kifua. "Nawajua. Walipita kwangu, wakanusa mlango, wakasalimia vizuri. Ni watu."

Serikali ilichelewesha jibu kama serikali zinavyochelewesha. Halafu ikachukua kipande cha mkaa, ikanichora alama kwenye paji la uso, na Jirani naye akachorwa puani, akailamba ikatoka akachorwa tena. Mama Bukuru, aliyekuwa anapukuchua maharage mlangoni, aliacha kazi yake akatushangilia kwa vigelegele mpaka nikadhani ametuelewa.

Likizo ile nilikuwa na furaha kuliko ninavyoweza kuandika. Wabweka waliokoa Watu wa Maji kutoka kwenye ukame kwa kunusa chemchemi. Walimfuata mwizi wa ng'ombe mpaka Manyovu, ambako hatukuwahi kufika, tukapachora mavumbini kwa kijiti. Nilikufa mara nyingi na kila mara Jitu lilikataa kuniacha kwenye kinu. Kufikia shule kufunguliwa, Watu wa Maji wawili walikuwa wameomba uhamisho wawe Wabweka, na Butoyi alikuwa ameanza kunusa ugali kabla ya kula, jambo lililompatia kofi kwa mama yake.

Sasa Bukuru anauza vitenge Manyovu penyewe. Juzi juzi nilimtembelea, tukakaa nyuma ya meza yake tukitazama malori yanavyosubiri kuvuka kwenda Burundi. Nikamtania: "Dada Bukuru, mwenzangu, maswali yale ya Serikali uliyatoa wapi? Nusura uniue."

Alishangaa kwamba sijui. "Si ya baba yako?" alisema. "Alikuwa anakuja kwetu jioni. Alikuwa anajiandaa kuhojiwa uraia, na mama anamfanyia mazoezi, anajifanya afisa. Mimi na Butoyi tunaosha vyombo, tunasikia yote. Nilidhani ni mchezo wao, ukanoga, nikauchukua."

Kisha akakunja kitenge alichokuwa amekwisha kukikunja. "Lile swali la mwisho baba yako lilimshinda kila siku. Anatazama mikono yake tu. Mpaka mama akamwambia, shemeji, wakiuliza hivyo, taja jina langu."

Nililia pale pale, mbele ya wateja wake, na sikuona haya. Miaka yote nilijua kwamba siku ile nilipigania Wabweka wangu. Sikujua kwamba upande wa pili wa jiko lile lile mtu mzima, mwenye mke na shamba, alikuwa anajifunza kujibu ni nani anamjua.

Nilipofika nyumbani nilimpigia baba simu, nikamwuliza ilikuwaje. Alicheka. Alisema alitaja jina kabla swali halijaisha, na afisa alipouliza huyo mama yuko wapi, baba alimwonyesha dirishani. Mama Bukuru alikuwa amesimama nje tangu asubuhi, amevaa gauni lake la kanisani, na hakuna aliyekuwa amemwita.

Siku hiyo mimi naikumbuka vizuri sana. Watu wazima wote walikuwa wameondoka bila kutuambia wanakwenda wapi, hatukutumwa maji wala kuni, na tulicheza mpaka giza likaingia.