Sikio la Mbuzi wa Mama Ekai

Nakumbuka Jumapili moja kule Oldonyiro, mwanangu, nikiwa kijana mwembamba ambaye hakuna mtu aliyetaka kumpa kazi. Usicheke, hiki kitambi kilikuja baadaye.

Nilikuwa nimechunga mbuzi wa mjane mmoja, Mama Ekai, mpaka mbuzi wake mmoja mweusi akapotea. Mama huyo aliamini nimemuuza sokoni, akanifukuza. Habari ikaenea. Nikipita karibu na boma la mtu, naona anahesabu mifugo yake. Iliniuma sana.

Kanisani kwetu, sala ya toba iliongozwa na Mzee Ewoi, mzee wa kanisa. Alikuwa na sauti nzuri. "Bwana, sisi ni wakosaji," alikuwa akisema, nao akina mama wanaanza kufuta machozi. Jumapili hiyo, kabla ya Meza ya Bwana, alianza vile vile, kisha akanyamaza. Tulidhani ameugua.

"Nimeomba sala hii miaka mingi," akasema, "na sijawahi kutaja kosa langu hata moja. Mbuzi wa Mama Ekai yuko kwangu. Aliingia kwa mbuzi zangu, na mimi nikamkata sikio tena ionekane ni alama ya kwetu."

Unajua kila familia kule ina namna yake ya kukata masikio ya mifugo. Kumkata mbuzi wa mwenzako sikio upya ni wizi, hata mtoto anajua.

Kwaya, kwa huruma, ikaanzisha wimbo ili kumfunikia aibu. Akainua mkono. "Ngojeni. Sijamaliza."

Akashuka, akawapita wazee wenzake, akaja mpaka benchi la nyuma nilipokuwa. "Lokwang, ulifukuzwa huku mimi nikijua wewe si mwizi. Nikanyamaza. Naomba unisamehe."

Nilishikwa na haya kuona mzee wa rika la baba yangu akiniinamia. Nikasema kile tunachosema sote: "Hakuna shida, mzee."

"Shida iko," akanijibu. "Usinisaidie kuificha."

Basi nikalia. Baadaye nikamwambia nimemsamehe, na safari hii nilijua ninasamehe nini. Mama Ekai alirudishiwa mbuzi wake, akanirudisha kazini siku iyo hiyo. Mzee Ewoi aliacha uongozi mwenyewe, akawa anakaa na sisi nyuma. Ajabu ni kwamba tulimheshimu kuliko zamani.

Mwanangu, juzi nilikusikia ukiomba mbele za watu hapa Isiolo. Uliomba vizuri, ukasema sisi sote ni wenye dhambi. Ni kweli, lakini hilo halimgharimu mtu kitu. Ukiwa mbele za Mungu, mwambie ulifanya nini. Kisha mwendee uliyemkosea, mwambie yeye pia, hata kama ni mdogo wako, hata kama ni mtu wa kuchunga mbuzi. Na mwingine akija kwako kukiri, usimkatize kwa haraka eti hakuna shida. Mwache aseme yote.

Mungu akupe moyo mnyenyekevu, mwanangu. Akupe kinywa cha kulitaja kosa lako, na siku utakapolitaja, akupe mtu wa kukusikiliza mpaka umalize.