Neno Lililomezwa na Ngoma

Jina lake kamili, kama tunavyolitaja kwenye ukoo wetu, ni Mkwaruzo binti Fundi Mizani, mjukuu wa Mzee Hapana, kitukuu cha Bibi Mkunga. Bibi Mkunga alizalisha wanawake wa mitaa mitatu kwa miaka arobaini, akitembea kwa miguu hata mvua ikimwagika. Mzee Hapana, baba yangu mzazi, alikaa siku tisa kwenye lango la shule ya msingi wenye nguvu walipotaka kuibomoa wajenge ghala. Kila walipomletea karatasi atie sahihi, alijibu neno hilo moja. Shule ipo hadi leo. Mimi nimesoma humo mpaka darasa la saba nikashika nafasi ya pili. Aliyeshika ya kwanza simtaji, alikuwa mtoto wa mwalimu. Fundi Mizani ni mdogo wangu wa kufuatana. Sokoni hakuna duka ambalo mizani yake haijapita mikononi mwake. Mtu akitaka kujua kama kilo yake ni kilo kweli, anamwendea yeye.

Kwa hiyo Mkwaruzo hakuokotwa jalalani. Nalisema hili mapema kwa sababu ulipita wakati watu waliamini kuwa baba yake alimkataa, wakaliimba kwa sauti, tena katika wimbo wake mwenyewe. Ukoo wetu tumekataa mengi, lakini watoto hatujawahi kuwakataa. Nitaeleza ilivyokuwa bila kutia chumvi.

Jina la Mkwaruzo alipewa na muuguzi siku aliyozaliwa. "Huyu analia kama mlango wa bati," alisema, nasi tukacheka, jina likaganda. Sauti haikulainika hata alipokua. Akiitwa dukani akaitika, watu waligeuka kumtafuta mzee aliyeitika.

Alipokuwa na miaka saba, mama yake, wifi yangu, alianguka bafuni akapooza kuanzia kiunoni kwenda chini. Walikuwa na chumba kimoja na sebule, pazia katikati. Mdogo wangu akahamisha meza yake ya kazi kutoka sokoni akaiweka chini ya dirisha la chumbani, hatua nne kutoka kitandani. Anafungua mizani ya watu, anapiga tupa, anapaka grisi. Saa mbili zikipita anaweka bisibisi chini, anafuta mikono kwa kitambaa, anamgeuza mkewe upande wa pili ili ngozi isichubuke, kisha anarudi kwenye skrubu yake. Kutwa nzima hivyo, na usiku alitega saa ya kengele. Mtoto alikaa sakafuni akipanga mawe ya mizani, kuanzia dogo mpaka kubwa.

Watu walikuja. Kaka yetu mkubwa alikuja na maneno yake ameyapanga vizuri.

"Mdogo wangu, wewe bado kijana. Mrudishe kwao, wamtunze."

"Kwao wapi?"

"Kwao! Kwa wazazi wake."

"Hapa ndipo kwao. Nipe hiyo bisibisi uliyoikalia."

Kaka akainuka, akampa bisibisi, akaondoka. Wengine nao wakaondoka, mmoja kwa udhuru wa kazi, mwingine kwa udhuru wa mgongo. Nami nisijisafishe: niliwahi kumaliza miezi minne sijakanyaga pale, ilhali nyumba yangu iko mtaa wa pili. Mdogo wangu alibaki. Ilikwenda hivyo miaka mitatu na miezi minne, mpaka Jumanne moja asubuhi wifi akakata roho, amegeuziwa upande wa dirisha.

Muziki ulimpata Mkwaruzo sekondari. Mwalimu wa hesabu alikuwa na gitaa lililokosa nyuzi mbili, akamwachia. Wakajikusanya watatu. Mpiga ngoma waliyemwita Tairi, kwa kuwa alianza kujifunza kwa kupiga matairi mabovu. Na msichana mwembamba wa gitaa la besi, aliyelelewa na mama yake mdogo, ambaye siku nzima ungeweza kumtoa maneno sita, wakamwita Kimya. Walifanyia mazoezi kwenye karakana ya fundi bati Jumamosi mchana, maana pale kelele zilikuwa tayari zina wenyewe. Siku ya kwanza nilipowasikia nilikimbia nikidhani bati limewaangukia.

"Shangazi, huu unaitwa pop panki," Mkwaruzo aliniambia huku jasho likimtiririka.

"Panki ndiyo nini?"

"Ni kusema ukweli haraka kabla hujakatazwa."

"Basi punguza haraka, mwanangu. Ukweli wenyewe hatuusikii."

Wote walicheka, hata Kimya. Lakini nilianza kuelewa. Magitaa yanakwaruza, ngoma inakimbia kama inafukuzwa, halafu katikati ya fujo hiyo unakuja mdundo mtamu wa kuitikia, na mtu unajikuta unatikisa kichwa bila kupenda. Ile sauti ya mlango wa bati ikapata mahali pake. Walipiga kwenye mahafali, ambako mgeni rasmi aliziba masikio wakakatishwa wimbo wa pili. Walipiga kwenye harusi wakaombwa wapunguze, wakapunguza, wakaombwa waache. Miaka mitatu walizunguka hivyo na vyombo vyao mgongoni.

Alipofika miaka ishirini na mmoja ndipo akaandika wimbo wa mama yake. Mimi nilisomewa kabla haujaimbwa, nikatoka nje nikajifanya naanua nguo. Mwisho wake ulisema hivi: "Walikuja na pole, wakaondoka na pole, mlango ukafungwa, baba kakaa." Hayo maneno mawili, baba kakaa, yalirudiwa mara nne, na ndiyo yaliyobeba wimbo mzima.

Waliurekodi kwenye chumba kilichopigiliwa magodoro ukutani. Mkwaruzo aliimba mbele, Kimya akaitikia nyuma yake, na Tairi alichagua neno hilohilo la mwisho ndipo apige kwa nguvu zake zote. Fundi mitambo alivua visikilizio.

"Dada, pale mwisho sikupati. Hebu rudia."

Alikuwa amekwisha kuimba mara kumi na moja. "Wataelewa," akasema. "Anayenijua ataelewa."

"Wasiokujua ndio wengi."

Lakini alishachukua mkoba wake. Hilo ndilo kosa lake, na yeye mwenyewe hulikiri bila kulazimishwa.

Wimbo ukatoka, na miezi miwili haikuisha ukawa kwenye simu za watu, redioni, saluni, kila mahali. Mimi, ingawa nilisomewa, masikio yangu ya uzee yalisikia "Baba, kaka!" nikashangaa huyu mtoto kaka amempata wapi. Vijana, wao, walisikia jingine. Walisikia "Baba kakataa." Neno hilo lilijaa vizuri kwenye mdundo kuliko lile la mwenyewe, na liliingia kwa watu waliokuwa wakilihitaji. Walimwandikia ujumbe kwa mamia. Kijana mmoja alisema aliukariri siku aliyotoka kumtafuta baba yake akafungiwa geti. Mkwaruzo alizisoma jumbe hizo safarini, akalia, akadhani kila mtu anamsimulia yake tu. Jukwaani hakusikia watu wanaimba nini; pale, aliniambia, kwa kelele zile unasikia sauti yako tu.

Aliyesikia ni baba yake. Mama mwenye duka la nafaka ndiye aliyeanza.

"Fundi, kumbe mtoto ulimkataa, ukaja kumpokea alipopata jina?"

Mdogo wangu akakaza skrubu ya mwisho. "Mizani yako iko sawa sasa, mama."

Mtu wa maneno machache akisingiziwa ana kazi. Wachukuzi wa sokoni wakawa wanampigia mluzi wa wimbo akipita. Kisha likazuka la kwamba mtu asiye mkweli kwa damu yake hawezi kuwa mkweli kwa kilo. Meza iliyokuwa ikijaa mizani ikabaki na mbili, halafu moja, na hiyo moja ni ya kibanda changu cha unga, tena ilikuwa nzima. Niliipeleka makusudi asikae bure. Hakumwambia bintiye kitu. Nilimpigia mimi.

"Wewe Mkwaruzo, unaimba nini huko?"

"Nimefanyaje tena, shangazi?"

"Baba yako alimkataa nani?"

Aliniambia baadaye kwamba hapo ndipo alipousikiliza wimbo wake upya kichwani, kwa masikio ya mtu asiyemjua.

Alijaribu kurekebisha. Alisema jukwaani, wakashangilia na kuendelea. Alikwenda redioni. Mtangazaji akamkaribisha, "Binti aliyekataliwa na baba yake!" Akamsahihisha. Mtangazaji akalegeza sauti: "Tunakuelewa, dada. Si rahisi kulizungumza." Kadiri alivyokana, ndivyo alivyozidi kupewa pole.

Ndipo akarudi nyumbani. Nilikuwepo, nimekaa pale kilipokuwa kitanda cha wifi.

"Baba, nimeamua. Siuimbi tena ule wimbo. Naufuta."

Mdogo wangu hakuinua macho. "Hao wanaouimba vile, wanadanganya?"

"Hapana. Wao walikataliwa kweli."

"Sasa kosa lao nini?"

"Lakini jina lako, baba."

Aliweka tupa mezani. Akageuza viganja juu.

"Linaniuma," akasema. "Nikikwambia haliniumi nitakuwa mwongo. Mama yako nilimgeuza kwa mikono hii. Leo mtoto wa juzi ananipigia mluzi." Akajifunika uso. Tangu mazishi sikuwa nimemwona hivyo. Kisha akasema, bado amejifunika, "Ila usiufute. Mama yako yumo humo."

Jumapili iliyofuata walikuwa na onyesho ukumbi wa vijana, saa tisa alasiri, mitaa miwili kutoka sokoni. Nilimvalisha mdogo wangu shati la mikono mirefu tukakaa mstari wa mbele. Nusu ya soko ilikuwepo, mama wa nafaka naye. Wimbo ulipofika kwenye kiitikio ukumbi mzima ulipaaza: kakataa! Mdogo wangu alitazama viatu vyake.

Mkwaruzo akanyoosha mkono. Tairi akaacha kupiga. Magitaa yakakatika.

"Mnaimba neno ambalo sikuliandika," alisema, "na kosa ni langu, sikulitamka. Baba yangu ndiye huyu hapa. Mama yangu alilala kitandani miaka mitatu na miezi minne, wote wakaondoka, yeye akabaki anamgeuza. Niliandika kakaa. Sikilizeni."

Akaimba bila chombo chochote, kwa ile sauti yake ya kukwaruza, taratibu, kila herufi mahali pake. Nikasikia hata feni ya darini. Mama wa nafaka aliinamisha kichwa. Jumatano yake alileta mizani kwa mdogo wangu.

Alipomaliza, kijana mmoja akaita kutoka nyuma kabisa. Hakuwa na ubishi katika sauti.

"Na sisi tuliokataliwa je? Tuimbe nini sasa?"

Mkwaruzo akageuka kuwatazama wenzake. Gitaa la besi lilikuwa sakafuni na Kimya hayupo.

Mkwaruzo akaomba watu wamsubiri kidogo. Mimi na mdogo wangu tukamfuata chumba cha nyuma. Kimya alikuwa amekaa juu ya boksi la spika, mikono katikati ya magoti.

"Ni mimi," akasema kabla hajaulizwa. "Kwenye kurekodi, nyuma yako. Niliimba kakataa."

"Uliimba nini?"

"Tangu karakana. Ulipotufundisha nilisikia hivyo. Sikudhani kama kuna baba anayekaa. Baadaye niliona ulivyoandika, nikajua nimekosea. Lakini kwangu lilikuwa kweli, sikuweza kuliacha."

Basi siyo ngoma peke yake iliyolimeza neno. Sauti mbili zilisema maneno mawili, na Tairi akazigonga zote kwa pamoja. Mdomo uliniwasha. Nilimfikiria mdogo wangu na meza yake tupu nikasema, "Wewe mtoto, unajua ulichomfanyia huyu mzee?"

"Dada, tulia," mdogo wangu akasema. Akasogeza kiti cha plastiki, akakaa mbele ya Kimya. "Baba yako yuko hai?"

"Yuko. Kila asubuhi anapita mbele ya nyumba yetu akienda kazini."

"Anakusalimia?"

Kimya akatikisa kichwa. Mdogo wangu akabaki palepale alipokaa.

Nilimtazama Mkwaruzo. Alikuwa na haki ya kufoka, na hasira nazijua, ni za kwetu. Alisimama ameegemea mlango, nje watu wakipiga makofi ya kuita. Kisha akachomoa karatasi ya ratiba iliyobandikwa ukutani, akaigeuza upande mweupe, akamwekea Kimya magotini pamoja na kalamu.

"Ule wimbo una ubeti wa baba yangu," akasema. "Wa baba yako haujaandikwa. Uandike wewe. Mimi nitaimba wangu, watu wasikie ni kakaa. Halafu narudi nyuma nashika besi, wewe unakuja mbele na neno lako, unalitamka lote mpaka mwisho."

"Mimi siwezi kuimba mbele."

"Umeimba nyuma ukanifunika. Mbele utashindwaje?"

Kimya alicheka kidogo huku machozi yakimdondokea kwenye karatasi. Aliishika kalamu kama kitu cha kuazimwa.

"Nianzie wapi?"

"Anzia pale anapopita mbele ya nyumba yenu," Mkwaruzo akamwambia. "Hao wa nje nitawaambia unakuja. Na Ijumaa nautaka."