Picha Ambayo Ankita Hakuigusa

Gautam alikufa Februari 2007, sindano ikiwa bado mkononi. Dada yake Ankita hakulia mbele ya watu. Aliniambia mimi tu, Rahab, niliyekuwa nikikata picha za pasipoti katika studio yake pale Nakuru: "Aliyemuuzia hiyo unga atakiona cha mtema kuni. I swear." Unga ni heroini. Mama yao, Bhagwanti, aliwaambia majirani kijana alikuwa na ugonjwa wa moyo, nao wakaitikia kwa heshima.

Miezi sita Ankita aliulizauliza nyuma ya soko, akahonga, akatukanwa, asipate kitu. Nilimwambia aachane na hayo. Akaniambia nishike makasi yangu.

Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Agosti akaingia Gopal, mwenye malori ya viazi, ambaye Ankita alimwita Uncle tangu utotoni. Ndiye aliyemshika Bhagwanti mkono siku ya kuchoma maiti. Alikuja na kamera ya dijitali na uso wa kuomba.

"Ankita, beti, binti yangu, nimefuta picha zote za engagement ya Sapna. Huyo msichana wangu ataniua. Unaweza zirudisha?"

"Naweza, Uncle. Niachie kadi, kuja kesho."

Kurudisha picha zilizofutwa ndiyo kazi iliyotupa jina. Lakini jambo moja Gopal hakulijua: programu haichagui. Ukiiomba picha za jana, inakuletea na za mwaka jana. Zikaanza kutokea moja moja. Sapna na pete, Sapna na keki, halafu gunia la viazi limepasuliwa, limejaa pakiti za nailoni. Namba ya lori ilisomeka, na nyuma yake ilikuwa stoo ya Gopal kule Longonot. Nikapiga kelele kwa furaha. Picha iliyofuata ikanifunga mdomo. Gopal alikuwa amemkumbatia kijana aliyekuwa akipima unga kwenye mizani, wote wawili wanacheka. Kijana huyo alikuwa Gautam.

Kesho yake Gopal alipewa picha za Sapna peke yake. Alipotoa pochi, Ankita alikataa.

"Ni zawadi, Uncle," alisema, na tabasamu lake lilinitisha.

Tulipeleka nakala kwa Chepchirchir, afisa wa kupambana na dawa za kulevya kutoka Nairobi. Alizitazama zote, akaweka kidole kwenye ile ya mizani.

"Hii ndiyo pekee inaonyesha Gopal mwenyewe. Usiiguse. Ukifuta hata kadoa, lawyer wake atasema mlitengeneza kwa studio."

Kumtoa mtu pichani ilikuwa kazi ya dakika kumi kwa Ankita. Alikaa mbele ya kompyuta mchana kutwa, mkono kwenye mausi. Akamtukana Gautam kwa sauti, matusi ambayo sikujua anayajua, kisha akainakili picha kwenye CD jinsi ilivyokuwa. Alitaka Gopal aoze. Na mimi, Mungu anisamehe, nilitaka vivyo hivyo.

Lori lilinaswa Longonot likiwa na mzigo. Mwanzo wa 2008 mji uliungua kwa fujo za uchaguzi na kesi ikalala, hata Juni korti ilipoonyeshwa ile picha. Bhagwanti alikuwa amekaa benchi la mbele, katikati ya majirani wale wale. Gopal alikula miaka ishirini. Ankita alimkodolea macho mpaka aliposhushwa ngazi, akaniambia ni michache.

Nje ya korti mama alimsimamisha. Aliongea Kiswahili, makusudi, ili nami nisikie.

"Wewe unafuta hata chunusi za maharusi. Ulishindwa kumfuta ndugu yako?"

"Sikushindwa, Mummy. Ningemfuta, Gopal angetoka."

Bhagwanti alijifunika ushungi.

"Basi nilizaa watoto wawili," alisema, "na hakuna hata mmoja nilimjua."

Akavuka barabara peke yake. Ankita hakumfuata.