Hodi ya Miguu

Mwaka ule watu walikula unga wa manjano, ugali wake ukinuka gunia, hata kuku waliutazama kwa upande. Ndipo mzungu aliyemwajiri mama karibu na Molo alipouza shamba akaenda zake, na wenye shamba wapya wakabomoa vibanda vya vibarua. Mama hakuwa na pa kwenda. Akatuingiza katika handaki walilochimba wanajeshi wakati wa vita vya wazungu, ambalo siku hizo lilikuwa stoo ya viazi. Tulilala juu ya magunia, kuta zikitoka jasho, uvundo wa viazi vilivyooza ukibaki kwenye nywele hata baada ya kuoga. Mlango haukuwepo, na nani atapiga hodi kwenye shimo? Mgeni alisimama juu ya paa letu akapiga miguu. Watoto wa shule walipogundua hivyo, wakawa wanapitia kwetu kila jioni kuruka na kuimba, "Fuko, toka! Fuko, toka!" Mchanga ukamwagika kwenye sufuria. Mama, mwenye kiburi kama mimi, aliitikia kila mara, "Karibu!" kana kwamba ni wageni wa heshima. Mimi nyuma ya magunia niliomba ardhi inimeze, na ilikuwa imeshanimeza. Siku tuliyopata nyumba ya mabati niliapa: "Shimoni sirudi, hata kwa kubebwa."

Kiapo hicho nilikivunja mwaka huu kwa sababu ya Wambui, mjukuu wangu. Handaki limepakwa chokaa, lina taa, na yeye ndiye anayetembeza watalii. Aliponialika nikamwone kazini, ningekataaje? Nyumbani kwangu hakuna aliyejua niliishi humo. Akaniketisha ndani, akawapandisha wageni juu wajionee unene wa paa. "Rukeni, haliporomoki!" Miguu ikagonga. Mdomo wangu ukaitika wenyewe, kwa sauti ya mama: "Karibu!" Wageni wakaangua kicheko. Wambui alishuka bila kucheka. "Shosho, kumbe ulikaa huku?"

Sasa ananibembeleza niwe naketi humo Jumamosi, niitikie wakigonga. "Shosho, hiyo ni historia, si aibu." Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Zamani waliruka juu yetu bure, leo wanalipa, wakitoka nywele zao zinanukia marashi. Nikammiminia mjukuu wangu chai, nikamwambia: "Shimoni sirudi, hata kwa kubebwa."